Basi la asubuhi, Malindi hadi Mokowe, nikiwa na kijana wangu mwenye usonji

Nyota 4 kati ya 5, na ile moja nitaeleza kwa nini nimeikata.

Nimekaa karibu wiki tatu nikijiuliza niandike ama niwache, maana mimi si mtu wa kuandika maoni ya mabasi, lakini nawajua wazazi wenzangu hapa Malindi na kule Lamu ambao hawasafiri kabisa na watoto wao, ukiwauliza wanakwambia tu "huyu hapendi gari" na mazungumzo yanaishia hapo. Wangu mimi gari analipenda sana, anakaa dirishani anahesabu nguzo za stima mpaka mwisho wa safari. Tunachoogopa ni pale gari linaposimamishwa.

Kwanza basi lenyewe. Viti vizuri, mikanda inafunga, dereva hakimbii ovyo hata pale barabara inaponyooka mbele ya Gongoni. Mizigo yetu waliiweka kwenye buti wakaandika namba na yote ilifika. Jina la kampuni sitaliweka hapa, kwa sababu nikiitaja hii mtaanza kuniuliza ile nyingine tuliyopanda zamani mambo yakaharibika ilikuwa ipi, na ile sitaki kuitaja. Mzazi anayehitaji kwa dhati aniandikie kando nitamwambia.

Mwanangu ana miaka 17. Ni mrefu kunishinda, ndevu zimeanza kuota, ukimuona kwa mbali ni mwanamume mzima. Ana usonji, otizimu wengine wanaita, alizaliwa nao, si ugonjwa wa kuambukiza na si wazimu na hakuna mtu alimloga. Maneno anayo ila hayatoki yote akiyahitaji, na akiwa na wasiwasi hurudia yale yale uliyomwambia wewe. Kelele za ghafla zinamuumiza kweli kweli, na kuguswa bila kutarajia kwake ni kama mtu kumwagiwa maji ya moto.

Nilienda kukata tiketi jioni moja kabla ya safari, nikamweleza karani, dada mmoja mpole, kuwa nasafiri na kijana wa namna hii. Nilitarajia aseme "sawa mama" halafu aite anayefuata. Akaweka kalamu chini akaniuliza, "Akiogopa hufanyaje?" Nikamwambia huziba masikio, hujisukasuka mbele na nyuma, na akishikwa ghafla hukimbia ama hupiga. Akauliza tena, "Na kinachomtuliza?" Nikamwambia ni kunyamaziwa. Basi akatupa viti vya mbele upande wa kushoto, na kwenye ile orodha ya abiria akaandika kwa mkono kando ya kiti chake: kijana hasemi sana, asiguswe, ongeeni na mamake kwanza. Nusu mstari tu hio. Mimi sikujua vile nusu mstari ungenibebea safari nzima.

Asubuhi soja, yaani mlinzi wa pale ofisini, alikuwa ameshasomewa. Mnaijua ile mashine ya mkononi wanayokupitishia mwilini inalia, ule mlio kwa mwanangu ni kama msumari sikioni. Soja akaipitisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, ikalia kwenye saa, mwanangu akatazama. Akanipitisha mimi. Halafu akamwambia, "Sasa wewe, mikono hivi," akainyoosha yake amuonyeshe, na hapo ndipo akafanya jambo ambalo watu wengi hawaliwezi, akasubiri. Hakurudia, hakupandisha sauti, hakusema "haraka kijana watu wanangoja." Ilichukua kama muda wa kufunga kanga vizuri, mwanangu akainua mikono. Wataalamu wanasema baada ya kumuuliza mtu mwenye usonji umpe kama sekunde 10 kabla ya kurudia, kwa sababu ukirudia kwa maneno mengine unamfanya aanze upya kuyapanga yote kichwani. Sekunde 10 wewe uliyesimama unaona ni nyingi sana, kumbe kwa yule ndo kwanza neno linafika.

Sasa rodibloki. Wanaoijua njia ya Lamu wanajua, tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ukaguzi umekuwa mkali, basi linasimama, abiria wote chini, kitambulisho mkononi, mnapita mmoja mmoja kwa miguu huku basi linakaguliwa tupu. Sisi wa huku hatulalamiki sana maana tunajua kwa nini, watu wamekufa kwenye barabara hii, askari pia wamekufa, mabomu yametegwa.

Kwa hivyo mtazameni mwanangu kwa jicho la askari. Kijana mrefu, amevaa hedifoni kubwa za kuzuia kelele, kitambulisho hana kwa sababu hajafika 18, hakutazami machoni, anajisukasuka, na mkononi ameshika rimoti. Rimoti ya TV yetu ya zamani, TV yenyewe ilishakufa, yeye rimoti amekaa nayo tangu ana miaka 9, halali bila hio. Haina hata betri. Lakini askari atajuaje? Kijana kama huyo, na rimoti, kwenye barabara kama hio, mimi simlaumu askari akishtuka. Nazungumzia anachofanya baada ya kushtuka.

Afande alikuwa kijana, bunduki kifuani. Akamuuliza, "Unaenda wapi?" Mwanangu akajibu, "Unaenda wapi?" Afande akasema, "Nakuuliza wewe!" Mwanangu, kwa sauti ile ile na mkazo ule ule, "Nakuuliza wewe." Foleni nzima ikanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili na miguu ilikuwa imekufa ganzi, kwa sababu ni kwenye kizuizi kama hiki mambo yaliharibika safari yetu ya miaka miwili nyuma. Askari akisikia maneno yake yanarudishwa hivyo anaona anachezewa, anaona jeuri, kumbe mtoto anajibu kwa njia pekee iliyobaki wazi wakati huo.

Kondakta alikuwa ameshafika na orodha. "Afande, huyu ndiye niliyekwambia, ana usonji, hakufanyii kiburi, mamake huyu hapa." Na yule afande, Mungu amlipe kheri popote alipo, akarudi nyuma hatua moja. Akaisukuma bunduki ikaenda mgongoni. Mwenzake alikuwa na redio ya mkononi inapiga kelele, akamuashiria aipunguze. Mwingine alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, akamsimamisha kwa kiganja, ikabaki sauti moja tu inayoongea. Kisha akanigeukia mimi akauliza kitu ambacho sijawahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye yunifomu: "Mama, nimwambie vipi ndo anielewe?"

Nikamwambia sema maneno machache, usimwambie "si ukae kando kidogo hapo kwanza tukuone," mwambie simama hapa, na umuonyeshe kwa mkono ni wapi. Na kitu kilicho mkononi usikichukue, muombe akuonyeshe. Akafanya hivyo hivyo. "Nionyeshe." Akanyoosha kiganja wazi, mbali kidogo, akangoja. Mwanangu akaigeuza rimoti, akafungua ule mlango wa nyuma akamuonyesha pale pasipo na betri, vile huwaonyesha watu wote nyumbani. Mimi nikatoa nakala ya cheti cha kuzaliwa na ile kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, nikasema kwanza "afande naingiza mkono kwenye mkoba," maana na sisi wazazi tujifunze, usichomoe kitu ghafla mbele ya mtu amebeba silaha. Akasoma, akarudisha. Akamwambia mwanangu, "Sawa. Tembea." Mwanangu akatembea.

Dakika 4, labda 5. Abiria wengine walikuwa bado hawajamaliza kupita. Nasema hivi kwa wale wanaodai askari hana muda wa kubembeleza, maana ile njia nyingine mimi niliiona na ilichukua saa 3.

Ilikuwa miaka miwili nyuma, kampuni nyingine, kizuizi sitakisema. Kondakta alikuwa anapiga kelele watu washuke haraka, mwanangu akaziba masikio akabaki kitini. Askari mmoja akapanda akamshika bega kutoka nyuma. Mwanangu akageuka na kiwiko kikampata yule askari mdomoni. Hakumlenga, aliogopa, lakini damu ilitoka na sikuweza tena kueleza chochote. Wakamshusha watatu, wakamlaza kifudifudi kwenye changarawe, goti mgongoni, huku wote wanapiga kelele kwa pamoja, huyu anasema lala chini, yule anasema leta mikono, mwingine anasema usisonge, na mtoto wa miaka 15 mwenye usonji anajaribu kutii yote matatu kwa wakati mmoja. Mimi nalia nawaambia ni mgonjwa, nilisema mgonjwa kwa sababu ndilo neno nililodhani watalielewa. Watu wanachukua vidio. Mama mmoja kwenye foleni akasema "anajifanya."

Kumlaza mtu kifudifudi na kumkalia mgongoni kunaweza kumuua, kifua kinashindwa kupanuka, pumzi inakata, na anayepambana kutafuta hewa anaonekana ni mkaidi kwa hivyo anakandamizwa zaidi. Wangu alinusurika. Tuliachiliwa, hakuna aliyeshtakiwa, tukarudi Malindi na gari la kurudi. Mamangu kule Lamu alikuwa amepika akingoja. Miezi mingi baada ya hapo mwanangu alikuwa akiamka usiku anasema "lala chini, lala chini," kwa sauti ya yule askari, si yake. Na mamangu hakumuona mjukuu wake miaka miwili kwa sababu mimi sikuthubutu tena kupita njia ile.

Baada ya hapo nilisoma sana, usiku, kwa simu, nikakuta si sisi peke yetu na kwengine wamelipa zaidi. Julai 2016 kule North Miami, Florida, mtu mwenye usonji alikuwa amekaa barabarani ameshika lori la kuchezea, kuna mtu akapiga simu polisi akidhani ni bunduki. Mhudumu wake Charles Kinsey akalala chini mikono juu akiwaambia ni lori la kuchezea, na akapigwa risasi ya mguu yeye mhudumu, alipona. Eyad al-Hallaq hakupona. Alikuwa na miaka 32, asubuhi ya tarehe 30 Mei 2020 anatembea kwenda kwenye kituo chake cha watu wenye mahitaji maalumu, Mji Mkongwe wa Jerusalem, polisi wa Israel wakashuku ana silaha, wakamwambia asimame, akaogopa akakimbia. Mwalimu wake alikuwa pale anawapigia kelele kuwa ni mlemavu. Wakamuua, na silaha hakuwa nayo. Nikisoma ile habari namuona wangu na rimoti yake. Kukimbia kwa watu hawa mara nyingi ni masikio na ngozi vinakimbia, kichwa hakijaamua lolote, na askari amefundishwa kuwa anayekimbia ana hatia.

Ndio maana nasema haya mambo si ya huruma tu, na hata sheria ipo, Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kifungu cha 54 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hivyo hata lile neno "kichaa" wanalotupiwa watoto wetu vizuizini na milangoni mwa supamaketi lina kifungu chake.

Turudi kwenye safari. Mokowe mnashuka mnaingia boti kuvuka kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, na pale boya la kuvaa lilikuwa mtihani, linabana, lina harufu ya mafuta. Nahodha akamuachia alishike mapajani kwanza, wakaondoa boti polepole, akalivaa mwenyewe tulipofika mkondoni. Sijui kama ni sheria, najua walifikiria. Lamu yenyewe kwa mtoto wangu ni raha, magari hakuna vichochoroni, ni punda na watu, na punda ukimpisha anakupita tu bila honi.

Lakini Lamu ina maji kila upande, na hili wazazi wa pwani mlisikie na masoja wa pwani mlisikie zaidi. Watoto wengi wenye usonji wana tabia ya kuondoka nyumbani kimya kimya, na wengi wanavutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao wakipotea. Mtoto wa hivi akipotea usianze msikitini wala sokoni, anza kwenye maji, ndo uende kwengine. Siku ya tatu alfajiri mwanangu hakuwepo kitandani. Tulitoka na ndugu yangu mbio, tukamkuta dikoni, amekaa kwenye ngazi miguu ndani ya maji, bamvua limejaa. Na pembeni yake, kama hatua nne hivi, upande wa baharini, amekaa soja wa zamu ya usiku, mzee mtu mzima, naye viatu amevua. Alikuwa ametuma mtoto anayetoka madrasa aulize nyumba hadi nyumba kijana huyu wa nani. Ndugu yangu akamuuliza, "Ami, mbona hukumwita atoke?" Akasema, "Niliona nikimwita atashtuka, na akishtuka atasonga mbele, na mbele ni kina. Nikakaa mimi upande wa kina." Hakusomeshwa popote yule mzee, alitumia macho. Wallahi nilimshika mkono nikashindwa kusema kitu.

Kwa hivyo nyota moja nimeikata kwa nini? Kwa sababu basi liliondoka limechelewa dakika 50 na hakuna aliyetwambia chochote, na kwa mtoto ambaye nimemuonyesha saa tangu jana yake kuwa mshale ukifika hapa tunaondoka, dakika 50 za kimya ni mateso, nilizunguka naye stendi mara 11. Wangesema tu "tutaondoka saa fulani" ningemchorea upya kwenye karatasi. Na ile vidio ya nyimbo mbele inapigwa kwa nguvu, niliomba ipunguzwe ikapunguzwa mpaka Garsen halafu ikarudi juu pale pale. Kusimama kwa choo pia ni kufupi mno kwa anayesafiri na mtu wa kumsaidia.

Na jambo la mwisho, hili niwaambie wenye kampuni wakisoma. Karani wenu alifanya vile kwa moyo wake. Wakati wa kurudi nilimkuta karani mwingine upande wa Lamu, kijana mzuri tu lakini hakuandika kitu, ikabidi mimi mwenyewe nimfuate kondakta nimuombe, na kondakta akanielewa kwa sababu ni yule yule wa kwenda. Angekuwa mwingine je? Ile nusu mstari iwe kwenye fomu, kila karani aulize: kuna abiria anayehitaji kuelezwa njiani? Kisha kondakta ashuke wa kwanza kila rodibloki aseme na afande kabla mtu mwingine hajashuka. Haigharimu hata lita ya dizeli.

Tangu turudi mwanangu amepata maneno mapya. Akifungua mlango wa nyumba anasema, "Sawa. Tembea," kisha anatoka. Lile la "lala chini" bado lipo, usiku mwengine nalisikia, lakini sai yako mawili.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu: nenda ofisini siku moja kabla, jioni, asubuhi kuna fujo hawatakusikiliza. Omba viti vya mbele kushoto. Mwambie karani mambo matatu tu, anachoogopa, anachofanya akiogopa, kinachomtuliza, na usiondoke kaunta mpaka uone ameandika. Cheti cha kuzaliwa na kadi weka mfuko wa nje wa mkoba, usitafute chini ya nguo mbele ya askari. Na ubebe hedifoni za akiba. Sisi tunarudi Lamu likizo ya Agosti inshallah, mamangu ameshaanza kuuliza tarehe.